Mkakati wa Kumsemesha Queen

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshindwa na mtoto wa miaka miwili na miezi minne. Si wangu. Wa jirani.

Nilikuwa nje asubuhi napiga mswaki kando ya lile jiwe kubwa linalotutenganisha na kwa Salum. Raya, binti yake, akapita akiburuta pampu ya baiskeli. Akasimama. Akasema shikamoo baba Queen, mbona povu? Mswaki ukanidondoka. Mbona povu! Hilo ni swali kamili. Lina mbona ndani yake!

Queen wangu amemzidi Raya wiki tatu. Ana maneno matatu. Mama. Maji. Na "ba", ambalo mke wangu Modesta anadai ni mimi, lakini juzi nilimsikia akiwaambia hivyo bata wa mwenye nyumba.

Na baba wa Queen ni nani? Mimi. Ndalahwa. MC Maporomoko! Harusi, kipaimara, sendofu, ubatizo. Kuanzia huku Ilemela hadi Misungwi hakuna kamati ya harusi isiyo na namba yangu. Naweza kumtambulisha mjomba wa bwana harusi kwa dakika tisa, na sijawahi kumwona.

Na baba wa Raya? Salum, fundi baiskeli. Ana kigugumizi tangu utoto. Neno moja humchukua muda wa kumenya chungwa. Nampenda sana, naandika kweli, mwaka jana paa letu lilipong'olewa na upepo alikuwa wa kwanza kupanda juu. Lakini haki iko wapi? Mwenye maneno nimepewa mtoto kimya. Mwenye neno moja amepewa redio.

Mchana mama yangu akapiga simu kutoka Misungwi. Aliuliza kama mjukuu amesema. Nikasema bado kidogo. Akasema katika umri huo mimi nilikuwa tayari nasema uongo. Akasema tatizo ni ulimi umefungwa chini, na kwamba kuna mzee huku mjini anaufungua kwa wembe, dakika moja tu. Atakuja Jumanne ya tarehe kumi na tisa, ampeleke mwenyewe.

Nikasema ndiyo, mama.

Sijui kwa nini. Kwa mama huwa nasema ndiyo kabla hajamaliza. Wembe! Nimekaa na simu mkononi, jasho linanitoka. Modesta hajui na hatakiwi kujua. Suluhisho ni moja tu: Queen aongee kabla ya tarehe kumi na tisa, mama akute kazi imekwisha.

Siku kumi na tano. Nimewahi kuwachekesha watu msibani. Siku kumi na tano ni nyingi.

Jumanne, 5 Agosti

Mkakati wa kwanza: dagaa. Hoja yangu ni ya kisayansi. Samaki hufungua na kufunga mdomo siku nzima. Nani amewahi kumwona samaki aliyenyamaza kwa mdomo uliofumbwa? Nguvu hiyo imo ndani ya nyama.

Nimesaga dagaa vikombe viwili, nikachanganya na uji wa Queen. Alinusa. Akanitazama kwa huruma kubwa, akasukuma bakuli taratibu, kama mtu anayekataa posa bila kutaka kumwumiza mchumba. Mtoto ana adabu huyu! Uji akaula paka wa Salum.

Hadi jioni paka hajasema kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kliniki. Kawaida Modesta huenda peke yake na Queen. Leo nilifuata ili kusimamia mazungumzo.

Nesi ni mama mmoja mnene, mtulivu, mwenye miwani ya kamba. Aliuliza kama Queen anageuka akiitwa. Modesta akasema anageuka. Kama anaonyesha kitu kwa kidole. Anaonyesha. Ukimwambia lete kiatu, analeta? Analeta, na cha pili analeta bila kuambiwa. Daktari akapima masikio, yote mawili mazima. Akamwinua ulimi, akaona hauna kasoro. Nesi akasema basi ulimi huu hauna cha kukatwa, na kama kuna mtu atawashauri wembe, wamkimbie. Nikashikwa na kikohozi kikali.

Ushauri wake: mwongeleshe mtoto kuhusu kile anachokitazama yeye, kwa maneno machache. Halafu nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni, mpe nafasi. Msimgeuze shahidi mahakamani, sema hiki, sema kile. Na mrudi baada ya miezi mitatu tumwone tena.

Nikamwambia nesi amesema vizuri sana, na nikamwongezea maoni yangu kwa robo saa. Mama yule ni wa kipekee. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akamwuliza Modesta kama baba yuko hivi nyumbani pia. Modesta akajibu kwamba leo ametulia.

Ushauri wa nesi nimeuandika hapa kwa kifupi nisisahau: maneno, maneno, maneno.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wamekwenda kuona ng'ombe wa maonyesho. Mimi nimefanya kazi.

Tangu alfajiri nimerekodi maneno mia mbili na kumi na manne kwenye simu, kwa sauti ya ukumbini, kwa mpangilio wa kamusi. Abiria. Adabu. Afisa. Ajali. Nikaiweka simu kwenye kipochi, nikamvisha Queen shingoni, nikabonyeza. Anatembea huku na huku, baba yake anamnong'oneza kifuani! Kazi nzuri. Nikajilaza kidogo.

Niliamshwa na mlio wa ajabu. Queen alikuwa ameivua simu na kuizamisha kwenye beseni la nguo za Modesta. Amechuchumaa, anasikiliza mapovu. Simu ni imara, lazima niisifu. Iliendelea kusema chini ya maji hadi neno "bahari".

Jumapili, 10 Agosti

Siku mbaya. Naiandika kwa sababu shajara haidanganywi.

Tumetoka kanisani, jua kali. Queen akanyoosha kidole kwenye kikombe akasema "maji". Nikaona nafasi. Nikashika kikombe juu, nikamwambia aseme: naomba maji, baba. Akasema "maji". Nikasema hapana, yote. Akasema "ma". Nikarudia, polepole, kwa tabasamu la ukumbini. Akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akashusha mkono wake. Akaenda kukaa kwenye kona, ametazama ukuta.

Modesta akaingia, akanipokonya kikombe, akampa. Akaniambia, "Baba Queen, unamhoji mtoto kama askari wa barabarani."

Tangu saa saba hadi sasa hajasema neno. Hata mama. Hata kwa bata. Nilipomwendea ajue tumepatana, aligeuza kichwa.

Nilikuwa na maneno matatu ndani ya nyumba hii. Nimeyafukuza yote. Nimekaa nje juu ya jiwe, natazama ziwa, sina hata utani.

Jumatatu, 11 Agosti

Asubuhi alisema "mama". Nimepumua.

Sasa nimeamua kwenda kwenye chanzo. Nimempeleleza Salum. Nilijibanza nyuma ya jiwe kubwa saa nzima, kifudifudi, na daftari.

Nilichokiona: baiskeli imepinduliwa magurudumu juu. Salum kwenye kigoda, Raya amechuchumaa mbele yake. Salum akatoa nati, akaitazama kama kito. Akasema, "N-n-nati," akamwekea kiganjani. Kimya. Raya akasema nati. Kimya. Raya akasema nati dogo. Salum akasema, "Ee. Nati n-ndogo. Ina mafuta." Kimya tena, kirefu hata nikadhani wamegombana. Kumbe wapi. Raya akaanza kusimulia safari nzima ya ile nati, ilivyotoka, ilivyoanguka, kuku alivyotaka kuila, na Salum muda wote amemtazama usoni kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Spana iko mkononi, haisogei. Mteja amesimama pembeni na yeye anasubiri!

Sijawahi kuona mtu mzima akimheshimu mtoto hivyo. Nilisahau kuandika.

Mjusi kafiri akanipanda mguuni ndani ya suruali. Nikatoka nyuma ya jiwe kwa kasi isiyo ya kawaida. Salum hakushtuka. Alisema, "K-karibu, baba Queen."

Usiku huu nimeshakata shauri. Siri imejulikana. Ni baiskeli!

Jumatano, 13 Agosti

Modesta ana baiskeli ya kwendea dukani kwake Buzuruga, anakoshona nguo. Leo alipata lifti ya rafiki yake. Mungu huwafungulia njia wenye bidii.

Nilipindua baiskeli uani, nikamweka Queen mbele yangu juu ya gunia, nikaanza kufungua. Na si kama Salum, neno moja moja. Mimi nilimpa mtoto elimu. Asili ya gurudumu. Kazi ya cheni. Kwa nini spoku zimepishana. Umuhimu wa breki katika maisha ya ndoa. Dakika arobaini bila kupumzika.

Queen alilala kwenye dakika ya tano.

Nilipomaliza nilikuwa na vipande sitini na vitatu na hakuna baiskeli. Nikajaribu kurudisha. Gurudumu la mbele likakaa nyuma. Pedeli zikakataa. Saa tisa nikamwita Salum kwa sauti ya mtu anayezama.

Alikuja na Raya. Hakucheka, mtu muungwana. Akakaa, akaanza kupanga vipande kwa mstari. Queen akaamka, akasogea. Salum akachukua nati, akamwekea mkononi. "N-nati."

Nikafungua mdomo kuongeza maelezo. Salum akainua spana kidogo. Si kwa kutisha. Kama mtu anayesimamisha kuku. Nikafunga.

Tukasubiri. Pikipiki ikapita. Ndege ikaja kutoka upande wa ziwa, ikashuka hadi uwanja wa ndege, tukaisikia inavyounguruma chini. Bado tunasubiri. Queen anageuza nati kwenye kiganja, anaitazama, anamtazama Salum.

"Nati," akasema Queen.

Nilikwenda nyuma ya jiwe. Mavumbi yaliniingia machoni, yote mawili.

Baadaye, baiskeli imesimama, nikamwuliza Salum amejifunzia wapi. Akanieleza, na ilimchukua muda, nami kwa mara ya kwanza sikuona haraka. Alisema alipokuwa mdogo kila mtu alikuwa anammalizia maneno. Mwalimu, wajomba, muuza duka. Akisema "n-n", wanasema nazi? ndizi? ndoo? Mwisho akaacha kuanza. Mwaka mzima hakuanza. Ni dada yake tu, Mwanaheri, aliyekuwa anaendelea kuchambua maharage yake, hamtazami kwa huruma, hamharakishi, hadi neno litoke. Siku moja yakatoka mengi.

"B-baba Queen," alisema, "mtu akisubiriwa, neno linakuja lenyewe."

Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Mtu mkubwa huyu! Tunaishi ukuta kwa ukuta na mwalimu na hatujui. Nimemwambia maneno yake yamenigusa mno, nitayatumia Jumamosi harusini.

Jumapili, 17 Agosti

Jana harusi Misungwi. Watu mia tano. Saa kumi jenereta ikafa na vipaza sauti vyote vikafa nayo. MC mwingine angekaa. Mimi nikapanda juu ya meza.

Niliendesha shughuli kwa koo tupu saa tatu na nusu. Nilitambulisha ukoo wa bibi harusi hadi kwa binamu wa mbali. Nilisimulia habari ya Salum na kusubiri, kwa urefu. Tulipofika kwenye keki sauti yangu ilikuwa kama msumari juu ya bati. Kwenye shukrani, upepo tu.

Leo asubuhi nimefungua mdomo kumsalimia Modesta. Hakuna. Hospitali daktari akamulika koo, akatikisa kichwa. Siku tano kimya kabisa. Hata kunong'ona marufuku.

Modesta aliuliza kama haiwezekani zikawa saba.

Jumatatu, 18 Agosti

Naandika haraka nisisahau hata neno.

Siku nyingi Queen huenda dukani na mama yake. Leo Modesta alikuwa na kazi ya sare nyingi, akaniachia. Nikabaki na mtoto, bila sauti, bila simu, bila mkakati wowote. Mtu wa bure kabisa.

Queen akaniletea kiatu. Nikafungua mdomo, nikakumbuka. Basi nikakitazama kile kiatu. Sikuwa na kazi nyingine. Nikakitazama vizuri, kilikuwa na kokoto kwenye soli. Yeye akanitazama ninavyokitazama. Muda ukapita.

"Atu," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, ndiyo, ndiyo. Akakimbia. Akarudi na kingine. "Atu. Mama." Kiatu cha mama! Na kweli kilikuwa cha mama!

Tukatoka nje, tukapanda jiwe. Mjusi kafiri alikuwa pale kichwa chekundu, anapiga zile pushapu zake. Queen akanyoosha kidole. Nikanyoosha na mimi. Tukakaa vidole vimenyooka. Mjusi akapanda.

"Dudu," akasema. Halafu, "Dudu juu."

Maneno mawili yaliyoshikana! Nilitaka kupiga kelele hadi Ukerewe wasikie. Koo likagoma. Nikabaki nimepanua macho. Na kwa kuwa sikusema chochote, akaendelea! "Dudu juu. Dudu tini. Dudu enda." Akanigeukia, akanishika kidevu kwa mkono mdogo wenye vumbi, akanivuta niangalie. "Ba. Ona."

Pale hapakuwa na bata hata mmoja.

Nilianza kutia kokoto mfukoni, moja kwa kila neno jipya. Hadi Modesta anarudi, kokoto kumi na tisa. Nikamwandikia maneno yote kwenye karatasi. Alisoma moja moja, akajifunika uso kwa kanga. Halafu akasema mengi ya haya anayajua. Dukani Queen husema uzi. Husema taa. Cherehani ikisimama, yeye Modesta husimama pia, humtazama, na mtoto huleta lake. Yalipotea wiki iliyopita baada ya ile habari ya kikombe, akawa na hofu hayatarudi.

Nikamwandikia: mbona hukuniambia?

Akasema aliniambia mara nyingi. "Ulikuwa unaongea, baba Queen."

Nimeolewa na mwanamke wa ajabu. Nimeandika "nimeolewa". Naliacha hivyo hivyo, ndiyo ukweli.

Jumanne, 19 Agosti

Tarehe kumi na tisa! Kwa furaha ya jana nilisahau!

Modesta ameshaondoka kwenda kazini, Queen kaniachia tena. Nimechungulia dirishani, mama anashuka kwenye pikipiki. Kilo mbili za michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, jogoo mmoja, kitenge cha safari. Dereva kaambiwa asizime injini.

Nikainama kwa shikamoo ya kichwa. Akauliza mbona sisemi. Nikaonyesha koo. Akanitazama muda mrefu, akalipiga kofi goti lake. Kumbe ugonjwa ni wa ukoo! Akasema tutakwenda wote watatu, mzee atatukata mimi na mtoto kwa siku moja, hata nauli ni ile ile.

Nikachukua kalamu, nikaandika nyuma ya kalenda HAPANA MAMA, herufi kubwa kama za bango. Akasema miwani ameiacha Misungwi. Akamshika Queen mkono. Wakaja mlangoni.

Nikasimama mlangoni. Mikono huku na huku, nimeshika fremu.

Mama akasema, "Ndalahwa, toka."

Nikatikisa kichwa.

Umri wangu ni miaka thelathini na nne. Sijawahi kumkatalia mama kitu, wala kulala mapema, wala mchumba wa kwanza, wala jina la mtoto wa dada yangu. Leo nimemkatalia, na sina sauti ya kumkatalia. Sikuweza kueleza. Sikuweza kutania. Sikuweza kumpoza. Machozi yalianza kunishuka na mikono yote imeshika mlango, siwezi kuyafuta.

Mama akarudi hatua moja nyuma. Nadhani hajawahi kuniona hivyo.

Queen akatutazama, huyu, halafu huyu. Akautoa mkono wake kwa bibi. Akaenda jikoni. Tukasikia kitu kinaburutwa sakafuni, krr, krr. Akatokea na kigoda, anakivuta kwa mguu mmoja wa kigoda, ulimi nje kwa juhudi. Akakisimamisha nyuma ya bibi yake.

"Bibi. Kaa."

Mama akageuka, akakitazama kigoda.

"Bibi kaa," akasema Queen. "Bibi ona. Atu."

Na kweli mama alikuwa ametoka Misungwi na kiatu kilichofunguka kamba.

Mama akakaa. Akamvuta Queen, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akachungulia. Akasema ulimi huu mbona unafanya kazi? Nani alisema umefungwa? Alinitazama mimi! Nikainua mikono. Akatoa kichwa nje, akamwambia dereva wa pikipiki aende zake, watu wengine wanapoteza muda wa wazee.

Hadi mchana walikuwa wanabangua karanga, bibi na mjukuu. Mama kwa Kisukuma, mtoto kwa lugha yake. Mama akimpa karanga alikuwa anasubiri ashukuriwe, na mama akisubiri kitu, hata mlima husogea. Saa nane Queen akasema "beja". Wabeja! Asante, ya kwetu hasa! Mama alipiga kigelegele hadi Mama Raya akaja kuuliza nani anaolewa.

Modesta aliporudi, mama akamsimulia yote. Yote. Pamoja na ile ndiyo yangu ya simuni. Modesta amekataa kunisemesha. Mimi siwezi kusema. Kwa sasa msemaji wa familia ni Queen.

Jumatano, 20 Agosti

Modesta bado kimya. Nimefua, nimepika ugali, nimetoa dagaa vichwa. Jioni akaja kukaa karibu nami kwenye jiwe. Akaniwekea kikombe cha chai ya tangawizi. Halafu akasema mama amemweleza pia habari ya mlango. Kwamba nilikuwa kama nguzo.

Sikujibu, ni kweli sikuweza. Lakini naandika hapa kwamba hata ningekuwa na sauti, pale nisingekuwa na neno.

Ijumaa, 22 Agosti

Sauti imerudi! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya kupiga chafya!

Nimewasalimia majirani wote, nyumba kwa nyumba, hadi wale wa juu kabisa kwenye miamba. Kwa Salum nimekaa saa mbili kumshukuru. Nimemweleza kila kitu, mjusi, kiatu, kigoda, karanga. Alitengeneza baiskeli tatu wakati huo na hakuniomba niondoke. Mtu wa subira ya ajabu. Alipotaka kusema kitu, akaanza "N-n-na", nikamsaidia kwa haraka: nakubali! nashukuru! nafurahi! Akatabasamu akarudi kwenye tairi.

Mama anasema atabaki hadi mwisho wa mwezi kwa sababu mjukuu ana habari nyingi.

Jumapili, 24 Agosti

Siku ya tathmini. Queen sasa ana maneno arobaini na kitu, Modesta ameyabandika mlangoni, na jana aliunganisha matatu. Lazima kujiuliza kwa utulivu: nini kimeleta mafanikio haya?

Nimechambua kwa haki. Kwanza, dagaa. Ni wazi walichelewa tu kufanya kazi, ingawa aliyewala ni paka, harufu ilimwingia Queen. Pili, rekodi. Maneno yalikuwa yamejaa ndani, yalisubiri kufurika. Tatu, hotuba ya baiskeli. Alilala, lakini masikio hayalali. Zile siku tano za kimya ilikuwa bahati mbaya katikati ya mpango. Ningekuwa na sauti, angekuwa ameanza kusoma.

Nimemwona katekista baada ya misa. Jumamosi ijayo natoa semina ukumbini kwa wazazi wote wa mtaa huu: Njia Saba za Kumsemesha Mtoto. Saa tano mfululizo, bila maswali, kwa kuwa maswali hupoteza muda. Nilikuwa uani nafanya mazoezi ya utangulizi, nimefika njia ya pili, Queen akaja mbio kutoka upande wa miamba. Anahema. Macho makubwa kama sahani. Amekumbatia kitu mikononi. Akanivuta suruali.

"Baba," akasema. "Baba, sikiliza."

Sikiliza! Silabi nne! Kitenzi! Na "baba" kamili, pande zote mbili! Nikamwinua juu. Nikamketisha kwenye jiwe, na kwa kuwa mtoto akionyesha hamu ya neno lazima apewe lote, nikamweleza maana ya kusikiliza. Tofauti ya kusikia na kusikiliza. Usikilizaji kwa wazee wetu. Usikilizaji katika ndoa. Mifano kumi na miwili, mingine kwa vitendo. Dakika ishirini, labda ishirini na tano.

Nilipogeuka kwenye mfano wa kumi na tatu, hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya jiwe, amesimama mbele ya Salum na bibi yake, kile kitu ameshampa bibi, mikono yote miwili hewani, anawasimulia jambo refu ajabu, na wote wawili wamemwinamia, kimya.

Jambo lenyewe sikulipata. Lakini ile mikono, ile sauti, ule ushupavu wa kushika hadhira!

Kafundishwa na mimi, hakuna ubishi.